Serikali ilikuja kukagua group yetu, kijiji kikaja kumlilia mwenyekiti

Wakuu, salamu kwenu wote, walio kazini na wale wanaosoma huku wamejificha chini ya dawati la bosi.

Hiki kisa kilinipata mimi mwenyewe hapa Kisegi, Suba South, Homa Bay. Sijaongeza chumvi. Mahali mtakapoona chumvi imezidi, jueni hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hata mimi nilitamani ipungue.

Kuna member aliuliza humu juzi namna ya kusajili group ndiyo aombe grant ya serikali. Mkamjibu vizuri sana mambo ya katiba, minutes na kopi za vitambulisho.

Sawa. Lakini hakuna aliyemwambia habari ya siku ya verification. Hapo ndipo mimi nilipoonja.

Kwanza mnijue. Nilikaa Migori town miaka mingi nikiwa na kibanda cha kuchapa na kupiga photocopy. Biashara ikalala, nikarudi nyumbani na laptop moja na printer inayotafuna karatasi. Sasa wakuu, mtu akirudi kijijini na laptop, hata kama charger yake lazima ushikilie kwa mkono, anakuwa secretary. Haulizwi.

Aliyenipa hicho cheo ni mama yangu.

Mama ni mtu wa omena, wale dagaa wa ziwani. Ananunua mbichi asubuhi boti zikirudi, anaanika chini kwa neti kuukuu, ikikauka anapeleka sokoni. Adui yake ni mvua. Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka haitakiwi tena jikoni kwa mtu. Inaenda kwa wale wa kutengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kukutusi.

Tangu nikiwa mdogo, picha ya mama niliyo nayo kichwani ni ya mtu anayekimbia. Wingu likichungulia upande wa ziwa anaacha chai, anaacha mgeni, anaacha maombi kabla ya amina, anakimbia kuokota omena.

Alichokitaka maishani ni kichanja. Meza ndefu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini, na mabati juu. Si mambo makubwa, lakini kwa mama wa omena mbao na mabati ni ndoto ya mbali. Kwa hiyo redio iliposema kuna grant ya vikundi vya ufuoni, alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Wewe na hiyo computer yako, mnaweza kututoa kwa hii mvua ama mnakula tu stima?"

Nikasema tunaweza.

Sasa sikilizeni mahali shida ilianzia.

Grant inataka group, na group tulikuwa nayo kitambo. Ila ilikuwa group ya kuzikana.

Kwa wale hamjui huku kwetu, matanga si jambo la watu wachache na chai ya rangi. Member akifiwa, group inafika na kila kitu: tent kubwa, viti vyeupe vya plastiki, sufuria za kupikia umati, spika na mic. Wanawake wanavaa leso za bluu zinazofanana. Kabla mwenye msiba hajapangusa macho, tent iko juu na maji yanachemka. Hatukuwa na mali nyingine. Na hiyo kazi tuliijua vizuri, bila kujisifu.

Mwenyekiti wetu ni Jaduong' Ochola. Jaduong' ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima. Yeye anachimba dhahabu kule Masara, Migori, na anakuja nyumbani mara moja moja. Mtauliza kwa nini tulichagua mwenyekiti asiyekuwepo. Ni kwa sababu ya sauti. Ochola akiongea matangani, spika zinapumzika. Tena boma lake liko karibu na barabara, na tent na viti vinakaa kwa store yake.

Basi tukakutana tukakubaliana, group ya kuzikana ikawa group ya omena. Nikaandika katiba mpya, mama akawa treasurer, nikabeba makaratasi mpaka ofisini.

Officer aliyetushughulikia nitamwita Madam Nekesa. Ni mtu wa Bungoma, lugha yetu ya Dholuo hajui hata salamu, mpole lakini macho yake hayadanganywi. Alisoma ile sehemu ya mali ya group akatikisa kichwa.

"Tent, viti, sufuria, spika. Hizi vitu ziko kweli?"

"Ziko, Madam."

"Nikija nataka kuziona zote kwa macho. Zote. Watu wananiandikia kuku hapa, nikifika naambiwa zimeenda kutembea."

Wakuu, hilo neno "zote" nililibeba kama amri ya mahakama.

Siku ikapangwa. Nikampigia Ochola ndiyo aje aketi kiti chake. Simu haipatikani. Kesho yake pia haipatikani. Nikaenda kwa mke wake, Min Ouma, yaani mama yake Ouma. Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia mzee akiingia shimo simu inakaa bila charge mpaka atoke, na akitoka anakumbuka chakula kwanza.

Tukasema tutaendelea bila yeye.

Siku yenyewe tulianza mapema. Tent ikasimama katikati ya boma la Ochola. Viti vikapangwa. Mtu akauliza vipangwe namna gani, akajibiwa kama kawaida. Kawaida ya group yetu ni moja tu. Spika zikawekwa mlangoni mwa tent, moto ukawashwa nyuma ya nyumba, Min Ouma na wenzake wakaingia jikoni. Wanawake wote na leso zao za bluu.

Halafu mimi, kwa akili yangu ya Migori town, nikaona aibu officer afike na mwenyekiti hayupo. Angalau aione sura yake. Nikaingia sebuleni nikaangua ile picha kubwa ya Ochola yenye fremu, nikaiweka mbele, kwa meza yenye kitambaa cheupe.

Maua sikuweka mimi. Mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ni yeye aliweka maua.

Mama alisimama mbali akaangalia ile meza, akaangalia tent, akaniuliza, "Hii kitu iko sawa?"

Nikamwambia, "Mama, hii ni verification."

Kuna jamaa wa boda alikuwa anapita kwenda sokoni. Akapunguza mwendo hapo kwa geti. Akazima pikipiki. Akavua helmet, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa polepole. Nikampungia mkono. Akawasha akaenda mbio.

Nikasema moyoni, angalia vile watu wanaheshimu maendeleo.

Madam akafika na double cabin ya serikali, yeye na dereva. Nikamkaribisha kiti cha mbele kabisa. Akaanza kuangalia vitu, viti sawa, tent sawa, uso wake unaanza kulainika. Nikaona kichanja cha mama kinakuja, mbao kwa mbao.

Hapo ndipo tukasikia nduru.

Nduru ya huku haifichiki. Ilianzia kule chini kwa barabara, ikapanda, ikaingia kwa geti. Alikuwa Mama Pilista, jirani mzee, amekuja mbio mikono kichwani, leso inaburuta nyuma.

"Uwiii! Ochola yawa! Ochola umetuacha na nani!"

Sasa wakuu, elewa jambo moja kuhusu wanawake wa group yetu. Wamelia pamoja miaka na miaka. Mmoja akianza, wengine wanajibu kabla hawajauliza ni nani. Ni mazoea, kama kuitikia amina. Leso zote za bluu zikainuka kwa pamoja, na boma zima likawa nduru.

Madam aliangusha kalamu.

Min Ouma akatoka jikoni kuangalia ni nini. Alikuwa anapuliza kuni mbichi tangu asubuhi, macho mekundu, machozi ya moshi mpaka kidevuni, mwiko mkononi. Mama Pilista akamrukia shingoni.

"Pole Min Ouma! Pole nyathina, mwanangu! Kumbe umelia mpaka macho imeisha!"

"Nimelia nini? Kwani nani amekufa?"

"Ochola! Shimo imemfunika huko Masara. Watu wote sokoni wanajua, ni wewe tu hujaambiwa?"

Min Ouma akanitazama mimi. Mimi nikatazama spika.

Akatoa simu kwa leso akampigia mzee. Haipatikani. Akapiga tena. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, pole pole, na ile sauti aliyotoa haikuwa ya mazoea.

Nikakimbia kwa Madam nimuokoe kabla hajaandika kitu.

"Madam, usijali, hapa hakuna mtu amekufa."

"Na huyu kwa picha ni nani?"

"Ni mwenyekiti wetu."

"Yuko wapi?"

"Hapatikani, Madam."

Akanishika bega. "Pole sana," akasema.

Wakuu, nataka kuwa mkweli. Hapo mwanzo nilikuwa nacheka kidogo moyoni. Lakini watu walivyozidi kuja na uhakika wao, kicheko kikakauka. Mimi Masara naijua. Nimewahi kupeleka makaratasi ya watu kule nikaona yale mashimo, yanaingia chini na magogo machache tu ya kushikilia. Udongo wa pale ukiamua kushuka haupigi hodi. Na simu ya mzee ilikuwa imezima tangu nianze kuitafuta.

Nikajiuliza, je, kama hawa wanajua kitu mimi sijui? Nikampigia jamaa mmoja wa Migori aende Masara akaulize, akasema anatuma mtu. Nikakaa nikingoja, na nikaanza kulia nikiwa na faili ya verification mkononi.

Kufikia mchana boma lilikuwa limejaa. Waliokuja na kuni, waliokuja na unga, waliokuja na mdomo tu. Dada yake Ochola aliyeolewa Mbita tayari alikuwa njiani. Vijana wakaleta ng'ombe wakawakimbiza kuzunguka boma, ile ya kukifukuza kifo. Dereva wa Madam aliingia kwa gari akafunga vioo vyote, na jua lile.

Kila aliyepita hapo kwa double cabin alikuwa anachungulia nyuma kwa heshima. Mzee mmoja akagonga kioo. "Mwili mmekuja nayo ama imebaki mochari Migori?"

Dereva akasema yeye ni wa ofisi. Mzee akamwambia pole na kazi.

Halafu akafika mtu wetu.

Kuna jamaa hapa anataka kiti cha ward. Jina nalibana, sisi tunamwita Mtarajiwa. Huyu hajawahi kukosa matanga. Inasemekana anaamka asubuhi akisikiliza upepo. Alishuka na vijana wake na pickup, akapita katikati ya watu, akachukua mic yetu bila kupewa.

"Ochola alikuwa ndugu yangu. Juzi tu, juzi, tumeongea na yeye kwa simu. Akaniambia, ndugu yangu, watu wangu usiwaache."

Min Ouma akainua kichwa kutoka kwa vumbi. "Juzi? Simu gani hiyo?"

Mtarajiwa akapandisha volume.

Akasema mtu kama Ochola hawezi kuzikwa kwa sanduku la mbao za kuoza. Sanduku ni lake. Akasema tena waombolezaji hawawezi kuchomwa na jua kwa boma la shujaa, kwa hivyo na mabati ya kutengeneza kivuli ni yake. Watu wakapiga makofi huku wanalia, jambo ambalo si rahisi. Akatuma pickup sokoni papo hapo, na kabla hajamaliza kueleza mahali atatupeleka tukimchagua, mbao zilikuwa zimefika. Mbao nzuri, pana, nyororo. Mabati yanang'aa. Na fundi juu yake na msumeno.

Fundi akanijia mimi, kwa sababu nina faili.

"Secretary, Ochola alikuwa urefu gani?"

Nikamwambia sijui, mrefu. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema kichwa chake kinagusa juu ya mlango wa kanisa, mwingine akasema hiyo ni kofia. Mwishowe wakamsimamisha binamu yake anayefanana naye, fundi akampima, akaanza kukata.

Madam alikuwa ameketi kiti chake kile kile. Wanawake walikuwa wamemletea chakula, akakubali, na alikula huku anaangalia kila kitu. Nilijua kimeisha. Mama naye alijua. Alikuwa pembeni ya tent, haangalii mtu. Mwenyekiti amekufa, grant imekufa, kichanja kimekufa.

Sasa shikeni hapo.

Tulisikia pikipiki inakuja kwa kasi ya wazimu. Hata haikusimama vizuri. Mtu akaruka, akaingia kwa geti mbio, mikono kichwani, mwekundu mwili mzima kwa udongo, mpaka kope. Na alikuwa analia kuliko sisi wote.

"Min Ouma! Min Ouma yawa! Umeniachia nani mimi!"

Sauti hiyo haihitaji spika. Ilikuwa ni Ochola.

Kumbe ilikuwa hivi. Alipotoka shimoni, mchimbaji mwenzake kutoka huku kwetu alikuwa amepigiwa simu kwamba kwa Ochola kuna tent na watu wanalia. Mzee akapiga hesabu yake haraka: yeye yuko hai, basi aliyekufa ni mke wake. Akachukua boda kutoka Masara, wakapitia Karungu, analia njia yote. Mwenye boda alituambia baadaye kwamba kulia kwa mzee kulimtoa hata yeye machozi na hakumjua mtu yeyote.

Turudi bomani. Kuna watu walitoroka kupitia ua, na siwataji kwa sababu mmoja ni kiongozi wa kwaya. Mtarajiwa alikuwa na mic mdomoni anasema "roho yake ipumzike", na hiyo "pumzike" ikatoka peke yake kwa spika, ndogo sana.

Ochola akapita katikati ya viti akielekea nyumbani, haoni mtu. Alipofika kwa ile meza akasimama. Akaangalia picha. Akaangalia maua. Akapangusa macho akaangalia tena.

"Hii ni mimi," akasema.

Akageukia watu.

"Nauliza. Ni nani amekufa hapa?"

Fundi ndiye alijikaza. "Ni wewe, Jaduong'."

Min Ouma alisimama pale kwenye vumbi, akaja na ule mwiko wake, akampiga nao mgongoni mpaka vumbi la Masara likapanda. "Simu yako iko wapi? Nauliza simu iko wapi!" Kisha akaangusha mwiko, akamshika shati kwa mikono miwili, na hapo ndipo tukasikia kilio cha kweli siku hiyo. Mzee mwenyewe akawa anamuuliza, "Kumbe uko? Kumbe uko?"

Mimi nililia tena, sitaficha.

Baada ya hapo wazee wakakaa kuamua. Mtu aliyeliliwa akiwa mzima hawezi kuachwa hivyo hivyo. Mmoja akasema atoke aingie tena kinyumenyume. Mwingine akasema kondoo. Pastor akasema maombi yanatosha. Ochola akasema yeye amekuja kutoka Masara bila kula, kwa hivyo wafanye yote lakini aketi kwanza. Basi alitoka, akaingia kinyumenyume, akaombewa, akapewa ugali na nyama iliyopikwa kwa sababu ya wageni wa serikali. Kondoo mpaka leo anadaiwa.

Katikati ya hayo nikaona vijana wa Mtarajiwa wanaanza kurudisha mbao kwa pickup, pole pole, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

"Weka chini," Ochola akasema akiwa na tonge mdomoni.

Mtarajiwa akacheka kicheko cha kampeni. "Jaduong', si sasa uko mzima? Hakuna haja."

Mzee mmoja akaingilia kati. Huku kwetu kitu kikishaletwa matangani hakirudi nyumbani. Na mbao ya sanduku, tena iliyopimwa ikakatwa? Anayerudi nayo kwake ajue anarudi na nini. Wale vijana waliachilia mbao mara moja, ungedhani zimewaka moto. Mtarajiwa mwenyewe alisogea.

Tukabaki na swali. Mbao za sanduku la mtu ambaye anakula ugali, zitaenda wapi? Ochola hazitaki kwake. Jirani hazitaki. Pastor akakohoa akasema kanisa limejaa. Kila mtu alikuwa anaziangalia kwa mbali, na mabati yake.

Mama yangu akasimama.

Yeye si mtu wa kuongea mbele za watu, na mic hakuichukua.

"Nipeni mimi," akasema. "Mimi siweki kwa nyumba ya mtu. Naweka omena juu yake. Hicho kifo kama kiko kwa mbao, kikae na omena. Omena si imekufa tayari?"

Halafu Ochola akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabati, na boma lote likamfuata. Hata dereva akafungua kioo.

Jioni nilimsindikiza Madam kwa gari, nimejitayarisha kuomba msamaha kwa lugha zote. Akanizuia.

"Mimi nimekagua group ambazo members hawajuani majina," akasema. "Hapa mtu hajafa na mmekuja wote."

Nikasema asante.

"Lakini niambie, kwa ripoti, pale wanauliza niliwakuta mkifanya shughuli gani. Niandike nini?"

Nikafikiri. "Andika mkutano, Madam."

Akaandika mkutano.

Certificate ilitoka na tumeifunika kwa plastiki. Grant tumeambiwa tumepita na tungoje. Tunangoja. Serikali ina mwendo wake na sisi hatuna haraka ya kumkasirisha mtu.

Lakini kichanja kiko. Fundi alikuwa ameshalipwa, kwa hivyo alikijenga hapo karibu na ufuo, na kwa sababu mbao zilikuwa zimekatwa tayari, kila kipande ni urefu wa Ochola kamili. Mzee akija kutoka Masara anapita kukikagua. Anapiga zile mbao kofi, anawaambia wageni, "Hii ni sanduku yangu, lakini kwa sasa wanatumia." Mtarajiwa naye akipita hapo anaangalia upande wa ziwa.

Somo ninaloweza kuwapa ni hili. Ukisajili group usidharau ile iliyoko tayari kijijini, hata kama kazi yake ni kuzika. Hao ndio watu watakaokuja ukiwaita, na hata usipowaita. Ila siku ya kukaguliwa, kabla hujaonyesha "vitu vyote", jaribu kusimama barabarani uangalie vinaonekanaje kwa mpita njia. Na picha ya mwenyekiti iacheni ukutani, nawaomba.

La mwisho.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa na mama nje tunakunywa chai. Wingu likatokea upande wa ziwa, lile jeusi. Mama akainuka kama kawaida yake, kikombe chini, kiatu kimoja mguuni. Wanawake wengine kule ufuoni walikuwa wameshaanza kukimbia.

Halafu akasimama. Akaangalia kichanja, omena yake iko juu, imetulia chini ya mabati. Akarudi akaketi. Akachukua kikombe.

Mvua ikaja, akaiangalia mpaka mwisho. Sijawahi kumwona mama yangu akiangalia mvua.

"Kumbe inakuanga na sauti mzuri," akaniambia.

Nikamwambia naenda kuangalia printer. Printer haikuwa na shida yoyote.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Mliowahi kukaguliwa, semeni yaliyowapata, na anayejua hizi grant huchukua muda gani kufika anisaidie na jibu la ukweli. Ila ombi moja tu, msiandike RIP hapo chini hata kwa utani. Mzee amenunua power bank, siku hizi anapatikana, na huu uzi anausoma.